Mteja Amechelewa Kulipa Mkopo: Mwongozo Kamili kwa Afisa wa Mikopo wa Benki

Mwongozo huu umeandikiwa afisa wa mikopo anayehudumu Kisumu na kaunti jirani, ambaye kila asubuhi hufungua orodha ya wateja waliopitisha tarehe ya rejesho na kuamua aanze na nani. Msimamo wangu ni kwamba fedha nyingi zinazookolewa huokolewa katika mwezi wa kwanza, afisa akishajua kwa hakika sababu ya mteja kutolipa, na kwamba zile zinazopatikana baadaye hupatikana kwa sababu faili lilitunzwa vizuri tangu mwanzo. Mnada upo, na nitaueleza, lakini ni njia ndefu na ya gharama, na benki inayoukimbilia mapema mara nyingi hujikuta mahakamani ikijibu maswali kuhusu barua ambayo haikupelekwa ipasavyo.

Fahamu hesabu ya siku

Benki Kuu ya Kenya huzitaka benki ziipange mikopo katika madaraja matano kwa kuzingatia siku za kuchelewa. Mkopo ambao haujachelewa, au haujapita siku 30, ni wa kawaida. Kati ya siku 31 na 90 ni wa kuangaliwa, kati ya 91 na 180 uko chini ya kiwango, kati ya 181 na 360 ni wa mashaka, na baada ya hapo ni wa hasara. Kila daraja lina kiasi cha mkopo ambacho benki lazima ikitenge kama akiba ya hasara: asilimia 1 kwa mkopo wa kawaida, 3 kwa ule wa kuangaliwa, 20 kwa ulio chini ya kiwango, na 100 kwa madaraja mawili ya mwisho. Ndiyo maana meneja wa tawi huanza kukuita ofisini mteja anapokaribia siku ya 90, kwa kuwa kuanzia hapo mkopo huhesabiwa kuwa usiolipika na kuanza kula faida ya tawi zima. Afisa anayengoja kuitwa ameshapoteza muda wake mzuri.

Hatua ya kwanza: simu ya siku za mwanzo

Mpigie mteja ndani ya siku tatu baada ya tarehe kupita, na usiiachie kazi hiyo jumbe zinazotumwa na mtambo. Hakikisha kwanza unazungumza na mwenye mkopo mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu deni lake lielezwe kwa mtoto, jirani au mfanyakazi wa dukani aliyepokea simu. Kisha sema kwa ufupi: «Habari za asubuhi, mama. Ninakupigia kutoka benki kuhusu rejesho la tarehe 5 ambalo halijaingia. Kuna jambo limetokea?» Baada ya swali hilo nyamaza. Maafisa wengi hulijibu wenyewe kwa kumpa mteja visingizio vya kuchagua, mara biashara imelala, mara ni karo, naye huchukua kimoja na mazungumzo yakaishia hapo.

Mteja akitoa ahadi, isiandikwe kama «atalipa wiki ijayo». Ahadi inayofaa ina kiasi, siku, na chanzo cha fedha. Anayesema atalipa shilingi 15,000 Ijumaa kutokana na malipo ya mbao alizopeleka shule fulani ametoa jambo linaloweza kufuatiliwa, ilhali anayesema «nitajipanga» hajaahidi chochote. Andika kwenye faili siku hiyo hiyo saa, maneno yaliyosemwa na nambari uliyopiga. Mpigie tena asubuhi ya siku ya ahadi, kabla fedha hazijaenda kwingine.

Usipokee pesa taslimu mkononi wala kwenye simu yako binafsi, hata mteja akikusihi kwamba hawezi kufika tawini. Mwelekeze alipe moja kwa moja kwenye akaunti yake ya mkopo. Afisa aliyepokea shilingi elfu mbili kwa nia njema hana namna nzuri ya kujieleza siku mteja atakapodai kwamba zilikuwa elfu ishirini.

Hatua ya pili: ziara

Simu ikijibiwa kwa ahadi iliyovunjwa, au isipojibiwa kabisa, nenda. Nenda na mwenzako, mchana, saa za kazi, na usiende na kundi la watu wenye sura ya kukamata mali. Mkiulizwa na majirani, ninyi ni wageni wa mwenye duka tu.

Ziara ina kazi moja, nayo ni kulinganisha unachokiona na kile kilichoandikwa kwenye maombi ya mkopo. Tuseme mkopo ulikuwa wa bidhaa za duka. Je, bidhaa ziko rafuni, au rafu zimepangwa chupa za mbele tu na nyuma ni patupu? Omba kuona daftari la mauzo na taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita. Taarifa hiyo husema mengi kuliko mwenyewe: utaona kama mauzo yalishuka polepole, kama yalikatika ghafla siku moja, au kama fedha zinaingia vizuri lakini zinatoka kila jioni kwenda kwa wakopeshaji wa simu. Hali hii ya mwisho imekuwa ya kawaida mno, na mteja hawezi kukuambia mwenyewe kwa sababu anaona aibu.

Uliza pia kuhusu nyumbani, kwa heshima. Upande huu wa nchi mazishi makubwa yanaweza kumeza mtaji wa biashara ndogo kwa wiki moja, na mwezi wa Januari karo hufanya kazi hiyo hiyo. Mto Nyando ukifurika, mwenye duka wa Ahero anaweza kupoteza bidhaa na wateja kwa pamoja. Hakuna lolote kati ya hayo linalofuta deni, lakini kila moja lina suluhisho lake.

Hatua ya tatu: pambanua aina ya mdaiwa

Wanaochelewa ni wa aina tatu, na kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kumtendea mmoja kama mwingine.

Wa kwanza ni yule ambaye kipato chake kipo lakini hakilingani na tarehe ya rejesho. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hupanda kati ya Machi na Aprili na huvuna kuanzia Oktoba. Kumdai rejesho la kila mwezi tangu Mei ni kumtaka akope kwingine ili akulipe. Mkulima wa majani chai anayeuza kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hupata malipo madogo ya kila mwezi, na bonasi huja mara nyingi karibu na Oktoba. Mwenye miwa ya Mumias au Muhoroni huweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja miwa ikomae, kisha angoje tena kiwanda kilipe. Wavuvi wa omena wana kalenda mbili kwa pamoja, kwa kuwa uvuvi wake hufungwa kati ya Aprili na Julai, na hata katika miezi iliyo wazi, taa za usiku huvuta omena vizuri wakati mwezi hauko angani. Mama anayekausha omena Dunga, ukimwekea rejesho katikati ya usiku wa mbalamwezi, atachelewa kila mwezi huku akiwa mlipaji mwaminifu kabisa. Mteja wa aina hii hahitaji barua ya vitisho. Anahitaji tarehe nyingine, na kusema kweli lawama ni ya aliyeupanga mkopo.

Wa pili ni yule aliyeishiwa kweli. Biashara imepungua, mgonjwa yuko nyumbani, au mteja wake mkubwa hajalipa. Labda ni mkandarasi wa kaunti anayengoja hundi kwa miezi. Huyu kwa kawaida hupokea simu katika wiki za kwanza, halafu huacha kupokea kwa sababu hana jipya la kusema. Usitafsiri ukimya huo kuwa ukaidi kabla ya kumtembelea.

Wa tatu ni yule anayeweza lakini hataki. Dalili zake huonekana kwa pamoja: mauzo yapo, bidhaa zipo, akaunti ya benki yetu imekauka lakini fedha zinapita kwingine, na kila ahadi huvunjwa kwa sababu mpya. Wengine wana ujuzi wa kulipa kiasi kidogo siku ya 85 ili mkopo usivuke siku 90. Kwa mtu huyu, kila mwezi wa subira ni mwezi wa kuhamisha mali.

Hatua ya nne: hesabu kabla ya kupanga upya

Mteja wa aina ya pili huomba muda, na benki hupenda kuutoa kwa sababu mkopo uliopangwa upya huonekana mzuri kwenye ripoti ya mwezi. Fanya hesabu kwanza. Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kondele ambaye amebakiza shilingi 480,000 na rejesho lake ni 32,000 kwa mwezi. Mauzo yake sasa ni wastani wa 6,500 kwa siku, na kwa siku 26 ni 169,000. Bidhaa humgharimu asilimia 78 ya mauzo, yaani 131,820, na hubaki 37,180. Ondoa kodi ya duka 12,000, msaidizi 9,000 na usafiri 3,000. Kinachobaki ni 13,180. Tuseme mshahara wa mkewe unabeba chakula cha nyumbani, na kwa hiyo anaweza kulipa 10,000.

Riba ikiwa asilimia 18 kwa mwaka, mwezi wa kwanza peke yake una riba ya 7,200. Katika ile 10,000, ni 2,800 tu inayopunguza deni lenyewe, na kulimaliza kutachukua zaidi ya miaka saba. Kuongeza muda hapa ni kuahirisha kilio. Lakini mteja huyo huyo akiuza pikapu isiyofanya kazi na kulipa 200,000 mara moja, deni hubaki 280,000, na kwa 10,000 hiyo hiyo kwa mwezi humalizika kwa takriban miezi 37. Mpango wa aina hiyo unaweza kusimama. Kwa hiyo ukikaa na mteja aliyeishiwa, swali la kwanza liwe kuhusu kitu gani kinaweza kuuzwa na mwenyewe, kwa bei yake mwenyewe, kabla dalali hajaingia. Mwenye mali akiuza, hupata bei ya soko. Dalali akiuza, kila mnunuzi aliyefika anajua mnada ni wa lazima.

Mapatano yote yaandikwe, yatiwe saini na mteja pamoja na wadhamini, na yaidhinishwe na mwenye mamlaka ndani ya benki kabla hujamwambia mteja kwamba yamekubaliwa. Mpango mpya ambao mdhamini hakuutia saini unaweza kumfungulia mlango wa kusema kwamba aliudhamini mkopo mwingine, siyo huu. Kumbuka pia kwamba mkopo haurudi daraja la kawaida siku ya kutia saini, bali baada ya mteja kuonyesha kwa kipindi cha kutosha kwamba analipa.

Kwa mkopo wa mshahara kazi ni fupi zaidi. Uliza idara ya malipo ya mwajiri kwa nini makato yalikatika. Mara nyingi utakuta mtumishi amehamishwa, amesimamishwa kazi, au makato mengine yamejaza hati yake ya malipo hadi kufikia ukomo wa theluthi mbili unaowekwa na Sheria ya Ajira.

Hatua ya tano: wadhamini, barua na CRB

Mdhamini aambiwe mapema. Maafisa wengi huogopa kumgusa mpaka mambo yameharibika, kisha humtaka alipe deni lote kwa mkupuo. Mdhamini aliyepigiwa simu mteja anapofikisha siku 30 huenda mwenyewe kwa ndugu yake jioni, na maneno yake yana uzito ambao barua yako haina. Kwa kuwa alitia saini, una haki ya kuzungumza naye kuhusu deni. Kwa chifu, mchungaji au mwenyekiti wa chama ambaye hakutia saini, huna.

Barua ya madai itaje kiasi cha malimbikizo, jumla ya deni, siku ya mwisho ya kulipa, na kitakachofuata. Usiandike neno «polisi» mahali popote, kwa kuwa kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai na si kosa la jinai. Tunza uthibitisho wa kupelekwa: nakala iliyotiwa saini, risiti ya posta, au kumbukumbu ya barua pepe iliyotumwa kwa anwani iliyo kwenye mkataba.

Kabla ya kupeleka taarifa mbaya za mteja katika shirika la kumbukumbu za mikopo (CRB), mjulishe siku 30 kabla. Madeni yasiyofika shilingi 1,000 hayaorodheshwi. Mwambie mteja waziwazi maana yake: taarifa hiyo itaendelea kuonekana kwa miaka mitano hata baada ya kulipa, ingawa itaonyesha kwamba deni lililipwa. Nimeona taarifa hiyo ya siku 30 ikileta fedha kuliko simu nyingi, hasa kwa wafanyabiashara wanaotegemea kukopa tena kila msimu. Kwa mtu asiyekusudia kukopa tena haina makali yoyote, na usitegemee ifanye kazi.

Jambo moja la riba lazima ulijue kabla hujataja jumla ya deni kwa mtu yeyote. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaweka ukomo: mkopo ukishakuwa usiolipika, riba inayoweza kudaiwa haizidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Deni la msingi likiwa 400,000, riba nayo haiwezi kuvuka 400,000, na juu yake huongezwa gharama za kudai tu. Mtambo wa benki usiposimamisha riba, ni wajibu wako kuiona hitilafu hiyo kabla wakili wa mteja hajaiona.

Hatua ya sita: dhamana

Kwa gari, mashine au mifugo, hakikisha kwanza kwamba haki ya benki iliandikishwa katika rejista iliyoundwa na Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika. Isipoandikishwa, mkopeshaji mwingine aliyeandikisha anaweza kutangulia. Dalali mwenye leseni huorodhesha mali na kumpa mwenyewe siku saba za kukomboa. Afisa wa mikopo hachukui mali kwa mikono yake, na hapandi gari la dalali.

Ardhi ina njia ndefu, na kila kituo chake ni lazima. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mteja akiwa amekosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki humpa notisi inayoeleza kosa lake, kiasi cha kulipa, na muda usiopungua siku 90 wa kulipa. Muda huo ukipita bila malipo, hufuata notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40, ambayo nakala zake hupelekwa pia kwa mwenzi wa ndoa, wamiliki wenza, mdhamini na wengine wanaotajwa na sheria. Kisha dalali hutoa notisi ya kukomboa ya siku 45 na kutangaza mnada, ambao haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza la gazetini. Notisi tatu peke yake ni siku 175, yaani karibu nusu mwaka, na hapo hakuna aliyekwenda mahakamani.

Anayekwenda mahakamani huulizia mambo machache yale yale. Je, notisi ilimfikia? Je, nyumba ya familia iliwekwa rehani kwa ridhaa ya mwenzi? Je, thamani ilikadiriwa na mthamini kabla ya mauzo, na ukadirio huo bado haujapita miezi 12? Sheria huitaka benki itafute bei bora inayowezekana, na mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba benki ilikiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Kagua mambo haya mwenyewe siku faili linapoondoka mezani kwako kwenda idara ya sheria. Shamba la nyumbani lenye makaburi ya wazee, hata likifika mnadani, huenda lisipate mnunuzi kutoka eneo hilo, na hilo lilipaswa kuonekana siku ya kulipokea kama dhamana.

Mkopo usio na dhamana hudaiwa kwa kesi ya madai ndani ya miaka sita. Malipo ya sehemu, au mteja kukiri deni kwa maandishi, huanzisha hesabu ya miaka hiyo upya, na ndiyo sababu nyingine ya kutodharau rejesho la shilingi 500.

Mteja akifariki, simamisha simu zote kwa familia kwanza. Tafuta bima ya mkopo kwenye faili, soma muda wa mwisho wa kuwasilisha madai, kisha umwombe msimamizi wa mirathi au ndugu wa karibu cheti cha kifo. Familia nyingi hulipa deni lililokuwa na bima kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Hatua ya saba: deni likiisha

Mteja akimaliza, kazi yako inaendelea kwa wiki chache. Mpe barua ya kumaliza deni, peleka taarifa mpya kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, futa maandikisho ya dhamana katika rejista, tayarisha hati ya kuondoa rehani kwa ajili ya ofisi ya ardhi, na kama gari liliandikishwa kwa majina mawili, anza kuliondoa jina la benki. Mpe hatimiliki yake mkononi na umtake atie saini kwenye kitabu cha kupokea, ukiandika tarehe na nambari ya hati.